Kufika Gesima Kabla ya Jua Kutua

Siku chache kabla ya safari nilikaa na simu nikasoma mashauri ya kusafiri na watoto wadogo. Aliyeyaandika aliwaambia wazazi wabebe vitabu vya kupaka rangi, wacheze na watoto mchezo wa kutafuta magari mekundu, na wawe na tabasamu muda wote. Nilimsoma hadi mwisho kwa adabu, kisha nikasema moyoni kwamba huyu hajawahi kupanda milima ya kwetu na mtoto aliyekunywa maziwa. Mimi nimepanda. Mashauri yangu ninayo, na karibu yote niliyapata Ijumaa moja, katika safari ambayo mtu mzima asiye na watoto huimaliza kabla chai haijapoa kwenye chupa.

Tunaishi mjini Kisii, mimi na baba watoto, binti yetu wa miaka minne, na mvulana ambaye wakati huo hata kukaa bila kushikiliwa hakuwa amejua. Mama yangu anaishi Gesima, upande wa Nyamira, katika nyumba iliyozungukwa na majani chai mpaka karibu na mlango. Mvulana wetu alikuwa hajamwona. Goti la mama lilimkataza safari za mjini, nami nilijifungua kwa upasuaji, kisha mvua zikaanza, kisha mtoto akakohoa. Ikawa hivyo hivyo mpaka mama akachoka kuona mjukuu kwenye simu. Alisema picha haibebeki.

Na huyo hakuwa mjukuu tu. Tulimpa jina la baba yangu, aliyefariki mwaka uliotangulia. Kwetu mtoto akipewa jina la marehemu, jina halibaki kwenye cheti cha kuzaliwa. Mama alianza kumwita mume wake tangu siku niliyompigia simu kutoka wodini. "Omogaka wangu amekula?" ndivyo anavyoniuliza, yaani mzee wangu amekula? "Amelala vizuri? Usimvalishe soksi za kubana, hazipendi." Baba kweli hakupenda soksi za kubana. Nami nilimjibu mama kama mtu anayeulizwa habari za baba yake.

Ombi lake lilikuwa moja. Sisi ni Wasabato. Ijumaa jua linapotua Sabato huingia, na watu wa nyumba hukaa pamoja wakaimba na kuomba, tunaita kufungua Sabato. Kwetu aliyefungua alikuwa baba, miaka yote ya ndoa yao, kwenye kiti chake cha mbao kilicho karibu na dirisha. Tangu aondoke, mama amekuwa akifungua peke yake.

"Naimba sauti ya kwanza, ya nne, ile nzito ya baba yako, hakuna," aliniambia kwenye simu. "Njooni Ijumaa. Mfike kabla jua halijatua. Sabato hii nataka ifunguliwe na mwenye nyumba."

Usidhani angetusogezea muda. Kwa mambo ya Sabato mama ni mkali kuliko wazee wa kanisa. Nimemwona akiacha nguo kwenye kamba zinyeshewe usiku mzima kwa sababu jua lilimkuta ameanua nusu. Nikiwa msichana, jua lilitua akiwa ananisuka, akaweka kitana chini papo hapo. Nilienda kanisani kesho yake upande mmoja umesukwa, upande wa pili nywele zimesimama, na nikaimba kwaya hivyo hivyo. Kwa hiyo aliposema kabla jua halijatua nilimwelewa vizuri sana, nikamwambia baba watoto tutoke mapema.

Sasa shauri la kwanza: usimwachie mwanamume kupakia gari. Baba watoto ni mtu wa Nyansiongo, amekulia kwenye mashamba mapana ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, na tangu nimjue hajawahi kuharakishwa na kitu. Gari letu ni dogo, naye huliwekea mizigo kama fundi anayejenga ukuta. Nguo za kubadilisha ziliingia chini kabisa. Juu yake mchele, sukari, mafuta, unga, nepi, mwavuli, tena mchele. Nilipouliza kwa nini nguo ziwe chini, alisema hazitahitajika mpaka tufike. Hazitahitajika! Gari lina watoto wawili na mtu anasema hazitahitajika.

Tena buti lilijaa mpaka akalifunga kwa goti. Hilo pia ni kosa. Gari la kwenda kwa nyanya linatakiwa kwenda nusu tupu, kwa sababu huwezi kuruhusiwa kuondoka bila mkungu wa ndizi, gunia la avokado, galoni la maziwa na jogoo aliyefungwa miguu. Mwenye kujaza buti wakati wa kwenda atarudi amepakata jogoo.

Yeye mwenyewe alivaa shati jeupe, limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Alikuwa na sababu. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawataniani, hawaketi karibu, na ikitokea mmoja amemwona mwenzake hajavaa sawasawa, hiyo ni aibu ya kukumbukwa miaka. Heshima hiyo tunaiita ensoni. Baba watoto huichukua kwa uzito kiasi kwamba mama akipiga simu, yeye husimama wima hata kama ninayeongea ni mimi.

Tulipanga kutoka mara baada ya chakula cha mchana. Binti yetu alikuwa amekubali kila kitu mpaka viatu vilipoletwa. Viatu vilikuwa vile vile vya jana, lakini leo vilimwangalia vibaya. Baada ya viatu akataka choo, baada ya choo akataka kubeba mwenyewe mkate wa nyanya. Ulikuwa mkate mkubwa wa dukani, nami nikamwachia ili tuondoke. Mvulana akajichafua tukiwa tumeshafunga mlango. Kwa hiyo mwenye watoto asiseme tutatoka saa fulani. Aseme tutaanza kutoka saa fulani, halafu aone.

Mkononi nilikuwa nimeweka maziwa kwenye kikombe chenye kifuniko, na hapa nawajibika mimi, maana binti alilalamika njaa nikampa. Kutoka Kisii kwenda Keroka barabara inapinda huku na huku, kila ukimaliza mlima unakuta mwenzake. Hatujafika Keumbu nikasikia kimya nyuma. Mzazi yeyote anajua kimya hicho.

"Simamisha gari," nikasema.

"Pale mbele kuna nafasi," akasema baba watoto, bila haraka.

"Simamisha!"

Sasa sikiliza, hili ni la maana kuliko vitabu vya kupaka rangi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na mfuko wa karatasi unapasuka chini. Kinachofaa ni kopo la siagi lenye kifuniko. Nilikuwa nalo, nimelisafisha vizuri tangu jana yake. Lilikuwa chini ya mchele. Baba watoto alishuka akamtoa mtoto mbio, akamwinua kifuani ili asichafue viatu, na maziwa yote yakaishia kwenye shati jeupe, kuanzia kola.

Binti alipona papo hapo, akaomba kipande cha mkate wa nyanya. Baba watoto alivua shati akabaki na fulana, ile ya ndani yenye tundu begani. Nilimwambia tufungue buti atoe shati lingine. Aliutazama ule ukuta wake aliojenga, akasema atavaa tukikaribia, ili asilichafue tena. Tulinunua ndizi mbivu ndogo kwa wanawake wa kando ya barabara, na hizo ndizo nawashauri. Ndizi na mahindi ya kuchoma mtoto hatapiki. Maziwa yangoje mwisho wa safari.

Keroka tulipita tumefunga vioo na kuangalia mbele. Shangazi yangu ana duka la vitambaa pale sokoni, na angetuona tungekula mpaka Jumapili. Jamaa wa njiani usiwaambie unapita, waambie umeshapita. Lakini mvulana hakujua siri hiyo. Alianza kulia mbele kabisa ya maduka, na kunyonya gari likienda hakutaka. Tulijificha nyuma ya stendi ya mbao nikamnyonyesha, naye akafanya taratibu kama mtu aliyelipiwa hoteli. Ananyonya, anasimama, anatazama dari ya gari, anaendelea. Mimi nilikuwa natazama jua likishuka juu ya mabati ya Keroka.

"Tutafika," alisema baba watoto.

"Tutafika saa ngapi ndiyo swali."

Mama alipiga. Baba watoto akanyoosha mgongo kwenye usukani, na fulana yake. Mama aliuliza tu, "Omogaka wangu amefika wapi?" Nikamwambia tuko karibu sana. Akasema jogoo yuko tayari, mboga ya chinsaga imeshaiva na maziwa yake, maji ya moto ya kuoga yapo. Kila kitu kilikuwa kimepikwa mapema, kama Ijumaa zote. Kilichokosekana kilikuwa kwenye mapaja yangu kinatazama dari.

Mvua ya upande ule haina hodi. Tulipoacha lami tukaingia njia yetu ya udongo mwekundu, anga lilikuwa limeshafunga, na jua hatukuliona tena. Majani chai pande zote mbili yaling'aa kijani, maji yanateremka njiani kama yamefunguliwa kwenye mfereji. Baba watoto aliendesha polepole, na safari hii nilimshukuru kwa upole wake. Tulikuwa tumebakiza kona moja, hata moshi wa jikoni kwa mama nilikuwa nauona, gari likateleza. Likarudi nyuma kwa utulivu wake lenyewe, likaingia mtaroni, matako ya gari yakaegemea ukuta wa udongo.

Tukatazamana. Buti lilikuwa limebanwa kwenye udongo. Halifunguki. Ndani yake kulikuwa na mwavuli, nepi, nguo za kila mtu, na shati la kuvaa tukikaribia.

Baba watoto alifikiri. Suruali ndiyo nguo pekee nzuri aliyobaki nayo, akaona bora aihifadhi. Aliivua, akaikunja kwa mstari wake, akaiweka kwenye kiti cha mbele, akajifunga leso yangu kiunoni na kushuka kusukuma. Alisukuma, mimi nikakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka na kumpaka matope kutoka fulana mpaka nyusi. Gari halikusogea hata kidogo. Binti yetu alipiga makofi.

Nilimpigia mama. "Tumekwama kwenye kona," nikasema. "Mvua ni kubwa, siwezi kumtoa mtoto."

Simu ilikatika. Sijui kama alikata yeye au ni mtandao. Nilijua tu kwamba mwanga ulikuwa unapungua, na kwamba kwenye nyumba ile juu pale alikuwa mwanamke mmoja, kiti kimoja kitupu, na kitabu cha nyimbo. Nikaona amekwenda kufungua peke yake tena, tena leo. Nililia, sitaficha. Nililia kwa hasira, nikalaumu viatu, nikalaumu maziwa, nikalaumu mchele. Mvulana wangu alinitazama machozi yakimwangukia usoni, akayalamba.

Ndipo taa ikaonekana kwenye kona. Tochi, inakuja polepole, inayumba kila hatua upande wa lile goti. Mama alikuwa na gambuti miguuni na koti kubwa la mvua, lile la baba la kukagulia chai, likiburuta karibu na visigino, na mwavuli mkononi.

Baba watoto aliiona tochi wakati mmoja na mimi. Hajawahi kuharakishwa na kitu, nilisema. Niondoe neno hilo. Aliruka mtaro na leso yake, akatumbukia kwenye majani chai, ukaona tu majani yanatikisika kisha yametulia.

Mama alifika dirishani. Alitaka kusema kitu, lakini binti yetu alikuwa amemsubiri siku nzima, akamtangulia.

"Nyanya, shikamoo! Baba amejificha kwa majani. Hana longi!"

Kiswahili cha mama ni cha kanisani, lakini kwamba longi ni suruali alielewa. Alizima tochi mara moja. Akageuka, akayapa mgongo majani chai, akasimama akitazama upande wa pili wa njia kama kuna mtu anamgojea huko.

"Mimi sijasikia kitu," akasema. Kisha kwa Ekegusii, akiniambia mimi lakini kwa sauti ya kufika mbali: "Mwulize mkwe wangu kama ameumia."

"Anauliza kama umeumia," nikasema kwenye majani.

"Mwambie niko salama, nashukuru," majani yakajibu.

"Mwambie kuna koti hapa." Akalivua lile koti la baba, akalitandaza juu ya majani chai bila kugeuza kichwa, akabaki na sweta na leso. "Mwambie asogee akiwa tayari. Sisi tunatangulia."

Nilimrushia na suruali yake pia. Koti hilo ndilo alilokwenda nalo kanisani kesho yake, maana mama alisema ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato ruhusa ya kumtoa ipo, lakini gari lingoje Jumapili. Nepi nazo zilibaki butini, tukakata shuka kuukuu. Kwa hiyo nepi ziwe miguuni pako, wala usimsikilize anayejenga kuta.

Mama alimchukua mvulana akamtia ndani ya leso yake, kifuani, akafunga fundo. Alimfunua uso kidogo, akamtazama, akamfunika. Binti yetu alimnyooshea kilichobaki cha mkate, ganda la mwisho lenye alama za meno, akasema ni zawadi yako nyanya. Mama alikula lile ganda pale pale kwenye mvua, mpaka likaisha, akasema hajala mkate mtamu kama huo. Basi binti akamshika mkono, wakatangulia pamoja, nami nikafuata na mwavuli nikijaribu kuwafunika wote na nikishindwa.

Tulipofika mlangoni nilisikia nyimbo. Ng'ambo ya bonde majirani walikuwa wanaimba, na nyumba ya juu pia. Kila nyumba ilikuwa imeshafungua Sabato. Jua lilikuwa limetua, hilo halikuhitaji kuulizwa, nami nikasimama kwenye kizingiti nikimtafutia mama maneno ya pole.

Hakuyahitaji. Alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha baba, kile ambacho tangu msiba sijaona mtu akikikalia, na mvulana wangu yuko mapajani mwake. Baba watoto aliingia kinyumenyume ndani ya lile koti, akatafuta kigoda kilicho mbali zaidi, karibu na mlango, akaketi macho chini. Mama alimtazama mara moja, ile mikono ya koti, kisha akatazama dirisha.

"Mama," nikasema, "majirani wameshaanza. Tumechelewa."

"Nani amechelewa?" Alinyoosha kidole ukutani. Saa ya ukutani, tuliyompa mwaka aliostaafu kwaya, ilikuwa imesimama. Ilisema bado kidogo jua litue. "Tochi ilikuwa haina betri," akasema. "Nilichukua ya saa hiyo, niwafuate. Saa ya nyumba hii inasema bado. Mimi nafuata saa ya nyumba hii."

Huyu ndiye aliyeniacha kichwa nusu kimesukwa.

Alimsimamisha mvulana kwenye mapaja, uso kwa uso. "Omogaka," akamwambia, "fungua."

Tulimgeukia wote, hata binti. Mtoto alimtazama yule mwanamke aliyelowa, akashika ukingo wa leso, na kutoka tumboni kwake kabisa akatoa sauti moja ndefu, nzito kuliko umri wake. Sijui kama ilikuwa gesi. Mama akasema amina. Akaanza wimbo, sauti ya kwanza, machozi yanashuka wala hayafuti, nami nikashika ya pili, na kutoka kule kwenye kigoda karibu na mlango, macho yakiwa bado chini, mkwe wake akaingia na ya nne.

Wimbo ulipokwisha mama alifungua tochi, akatoa betri moja akanipa. Nilipanda kwenye stuli nikairudisha mahali pake, na saa ikaanza kutembea.

"Haya," mama akasema, "sasa linaweza kutua."